Tenga la Shemeji na Bunduki ya Arobaini na Tisa

Kila Jumamosi saa kumi alasiri, mvua inyeshe jua liwake, Toussaint Crahay alipanda kilima cha mtaa wetu hapa Herstal amebeba tenga la njiwa, na njiwa wenyewe hawakuwa wake. Walikuwa wa shemeji yake, Nestor Jadoul, aliyemfuata hatua tatu nyuma, mikono mfukoni, akipiga mluzi. Walikwenda hivyo hadi mkahawa wa Léonie. Hapo njiwa walivishwa pete za mashindano na kupakiwa kwenye lori la kwenda Ufaransa, ili Jumapili asubuhi waachiliwe warudi kwao mbio. Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka arobaini na saba. Watoto wa mtaa walizaliwa, wakaoa, wakaanza kuota mvi, na tenga lilikuwa bado liko kwa Toussaint.

Tena usidhani ni msimu wa njiwa tu. Njiwa hushindana kuanzia Aprili hadi Agosti, basi. Lakini majira ya baridi Nestor alimbebesha tenga tupu.

"Ukiacha, shemeji, utasahau," alikuwa akisema. "Mwezi wa nne utaniletea visingizio vya kiuno."

Na Toussaint, mwanamume mzima, babu wa wajukuu watano, alilibeba tenga tupu kwenye theluji. Mimi ningelitupa mto Meuse na Nestor ndani yake. Lakini Toussaint alikuwa mtu wa neno lake, na watu wa namna hiyo wanachosha kweli kuishi nao jirani.

Kisa chenyewe kilianza Jumamosi ya tarehe tano Mei mwaka 1951. Wakati huo vijana hawa wawili walikuwa kwenye kiwanda cha bunduki cha hapa kwetu, sehemu ya mbao, wakisugua na kupaka mafuta vitako vya bunduki ile ambayo leo watu huiita Arobaini na Tisa. Bunduki ni ile ile, lakini kila nchi iliagiza yake kwa mkataba wake, na kila mkataba na madoido yake. Wiki hii Misri, wiki ijayo Venezuela, halafu Kolombia, halafu jeshi letu wenyewe. Wao waliona mbao tu. Kitako kilikuwa kitako.

Siku hiyo walibishana juu ya mashindano ya kesho yake, ya njiwa watakaoachiliwa Dourdan, kule Ufaransa. Wakapatana: ambaye njiwa wake atachelewa, atambebea mwenzake tenga. Karatasi hawakuwa nayo. Nestor akachukua kitako kilichokuwa mbele yake, akakigeuza, na pale nyuma kabisa, mahali panapofunikwa na bamba la chuma, wakaandika makubaliano yao kwa penseli. Kabla hawajapata hata kujisifu, nyapara akapita, akavikusanya vitako vyote, akavipeleka meza ya pili. Hapo wasichana walikuwa wakifunga mabamba kwa skrubu. Mmoja wa wasichana hao alikuwa Ghislaine, dada yake Nestor.

Jumapili njiwa wa Toussaint alifika wa kwanza. Naam, wa kwanza! Ila badala ya kuingia bandani avuliwe pete, maana ushindi huhesabiwa pete inapovuliwa, alitua juu ya paa la Léonie akaanza kujichambua manyoya. Alijichambua dakika kumi na moja. Toussaint alimbembeleza kwa mahindi, akamtukana, akapiga magoti barabarani, wapi! Njiwa wa Nestor akaja, akaingia, akavuliwa pete, mchezo ukaisha.

Basi Toussaint akabeba tenga Mei, akabeba Juni na Julai. Siku ya mwisho ya Agosti akalitua mbele ya mlango wa Nestor, akajifuta jasho.

"Haya, bwana wee, tumemalizana."

"Tumemalizana nini?"

"Msimu umekwisha. Tuliandika msimu mmoja."

"Thubutu! Tuliandika mpaka mmoja wetu afe."

"Nestor, usinifanye mjinga. Nimeandika kwa mkono wangu!"

"Basi lete maandishi," alisema Nestor, akafungua mikono kama kasisi.

Na maandishi angeyatoa wapi? Kitako kilikuwa kimeshafungwa, kimetiwa sandukuni, kimekwenda zake. Toussaint aliamini kimekwenda Misri. Nestor aliapa ni Venezuela. Ghislaine, alipoulizwa, alisema yeye hufunga mabamba mia kwa siku na hana muda wa upuuzi wao, wanywe kahawa kabla haijapoa, watu waoshe vikombe.

Maana kahawa ilikuwepo. Kila Toussaint alipokwenda kuchukua tenga nyumbani kwa kina Jadoul, ni Ghislaine aliyemmiminia. Toussaint alikunywa akitazama sakafu, masikio mekundu. Mwaka 1953 walioana. Ungedhani sasa Nestor angemwonea haya mume wa dada yake. Aa wapi! Jumamosi baada ya harusi alikuja kubisha hodi na tenga mkononi.

Tuje sasa kwenye mwaka wenyewe, 1998. Toussaint alikuwa na miaka sabini, na goti lake la kulia lilikuwa limevimba kama boga. Daktari alimwambia asibebe kitu kizito kupita mkate. Alikwenda kwa Nestor na karatasi ya daktari.

"Pole sana, shemeji," alisema Nestor. "Lakini daktari hakusaini makubaliano. Tulisaini mimi na wewe. Nioneshe palipoandikwa msimu mmoja, nakuachilia leo hii. La sivyo, Jumamosi saa kumi."

Nestor hakuwa mtu mbaya, ni muongo tu, tena muongo aliyesahau zamani kwamba anadanganya. Na Toussaint alikuwa amefika mwisho. Alijua msimu huo wa Aprili tenga lingemlaza kitandani, na kama angekataa kulibeba bila ushahidi, angeonekana mtu asiye na neno mbele ya mtaa mzima. Alilala vibaya, akala vibaya, hata mipira ya nyama ya Ghislaine kwenye mchuzi wa tufaha akaiacha sahanini. Ndipo tangazo likabandikwa mkahawani kwa Léonie: Jumapili ya mwisho ya Machi, katika ukumbi wa parokia, wakusanyaji wa Arobaini na Tisa kutoka kila upande watakutana kulinganisha bunduki zao, nchi kwa nchi. Wafanyakazi wa zamani wanakaribishwa, kahawa bure.

Toussaint alisoma tangazo mara tatu. Kisha alikwenda nyumbani akatafuta bisibisi.

"Unakwenda wapi na hiyo?" aliuliza Ghislaine.

"Ukumbini. Nitafungua vitako vyote mpaka nikipate chetu."

"Umri wote huo unakwenda kufungua bunduki za watu? Utafungwa, na mimi sikuletei chakula jela."

"Ghislaine, kimoja kati ya hivyo kina mwandiko wangu!"

Ghislaine alirudi kwenye sufuria yake. Ila Jumapili ile asubuhi miwani ya Toussaint haikuonekana. Ilitafutwa chini ya kitanda, ndani ya viatu, mpaka kwenye banda la sungura. Mwishowe aliikuta ndani ya kopo la mkate.

"Imefikaje humu?"

"Unazeeka, baba," alisema Ghislaine, akachukua mkoba wake. "Nami nakuja. Msije mkaniaibisha nyinyi wawili."

Nestor alikuwa amekwisha kutangulia, amevaa tai, amekaa mlangoni mwa ukumbi kulinda haki yake.

Jamani, wakusanyaji ni watu wa ajabu. Ndani kulikuwa na meza ishirini zimetandikwa vitambaa vya kijani, na kila mwenye meza alikuwa akimnunia jirani yake. Mwenye ya Misri alijivunia kilengeo chenye tarakimu za Kiarabu na kile kisahani cha shaba kilichopachikwa kitakoni. Mbao zake zilikuwa zimechakaa na kuchubuka, naye alisema hiyo ndiyo sifa yenyewe, kwamba imefanya kazi. Jirani yake mwenye ya Venezuela alicheka puani. Yake ilikuwa inameta kama imetoka sandukuni jana, na mdomo wa mtutu wake una kipande chenye matundu cha kuipunguzia bunduki teke.

"Hiyo yako imelala ghalani miaka yote," alisema wa Misri. "Ni bunduki au bibi harusi aliyekimbiwa?"

"Na yako ni jiko la kuni?"

Mwenye ya Argentina alisema zote mbili ni takataka, ya kwake ni ya jeshi la majini. Hapo wakaungana wote watatu kumzomea mwenye ya Kolombia, ambaye hakuwa amesema neno.

Toussaint alianza na ya Misri. Alijitambulisha kuwa alifanya kazi sehemu ya mbao, na yule bwana karibu ambusu. Aliruhusu bamba lifunguliwe. Toussaint alichungulia, akainua kwenye mwanga, akainusa hata. Hakuna kitu, mbao tupu.

Alihamia kwa Venezuela na bisibisi mbele. Mwenyewe aliruka akaikumbatia bunduki yake.

"Usiguse! Skrubu hizi hazijaguswa tangu kiwandani!"

"Mwanangu, aliyezigusa huko kiwandani ni mke wangu. Huyu hapa."

Ukumbi mzima uligeuka. Ghislaine alikuwa amekaa pembeni na kipande cha keki ya wali, mkoba magotini. Wakamzingira kumi, kumi na tano, wakiwa na daftari. Bibi, ni kweli? Bibi, ulikuwa unafunga vipi? Alijaribu kuwafukuza, akaona hawafukuziki, akainuka akaitazama ile bunduki ya Venezuela.

"Hii si yangu," alisema. "Mimi ule mfuo wa kichwani mwa skrubu nilikuwa nausimamisha wima, usawa mmoja na kitako. Hii imefungwa na Gertrude. Gertrude alifunga popote mkono ulipochokea."

Ala! Kilichofuata hujapata kukiona. Wazee wenye vipara na tai walikimbilia mezani kwao, wakainama kutazama skrubu. "Yangu wima!" "Yangu imepinda!" Mtu mmoja alikuwa karibu kulia kwa sababu alikuwa na Gertrude tatu. Kufika saa tano walikuwa wamekwisha kugawa Arobaini na Tisa zote duniani katika aina mbili mpya, na wale wa Misri na Venezuela, waliokuwa hawasalimiani, wakashikana mikono kwa kuwa wote walikuwa na Gertrude.

Toussaint yeye aliendelea na kazi yake. Alifungua Kolombia, alifungua Argentina, alifungua mbili za jeshi letu. Ndani ya moja alikuta buibui aliyekufa. Goti lilimuuma, akaketi kwenye ngazi ya jukwaa akaweka bisibisi chini.

"Vipi, shemeji?" aliuliza Nestor kwa huruma ya uongo. "Umechoka? Pumzika, bwana. Utahitaji nguvu Jumamosi."

Toussaint alilisugua goti lake. Mzee yule, mimi sitamcheka hapo.

Wakati huo taa zilipunguzwa. Daktari Roelandt, tabibu wa meno kutoka upande wa Waflemi, wasiojua lugha yetu ya mtaani, alikuwa amepanda jukwaani na Arobaini na Tisa yake imefunikwa kitambaa. Alisema yeye hana ya Misri wala ya Venezuela. Ana ya Luxembourg, ambayo wengi huipita kwa kuwa ni ya nchi ndogo ya jirani na haina taji wala ngao kubwa ya kujionesha. Lakini yake ina siri. Miaka tisa iliyopita alifungua bamba akakuta maandishi, si Kifaransa, si Kijerumani, si Kiflemi. Ameyachunguza miaka tisa hiyo yote, na leo anatangaza kwamba ni maandishi ya fumbo ya jeshi.

"Herufi za mwanzo ni za majenerali wawili," alisema Daktari Roelandt. "Dourdan ni ghala la siri la silaha. Sita na tano ni idadi ya masanduku. Na mwisho kabisa kuna idhini ya ofisa wa juu, ametia sahihi kwa herufi moja tu, jinsi wakubwa wafanyavyo."

Akabonyeza kitufe, na picha ikatokea ukutani, kubwa kama mlango wa kanisa. Ilikuwa penseli, Kiwaluni cha mtaani kwetu, kimeandikwa na watu waliotoroka shule.

Toussaint aliinuka bila goti kumkumbusha kitu. Akasoma kwa sauti, na ukumbi wote ukasikia:

"T.C. na N.J., yaani mimi na Nestor Jadoul. Dourdan, tarehe sita mwezi wa tano. Wa mwisho abebe tenga la mwenzake. Msimu mmoja!"

"Msimu mmoja!" alirudia, akamgeukia Nestor. "Umeona? Umeona, mnafiki mkubwa we! Luxembourg! Nusu karne nafikiria Misri, kumbe kiko hapa Luxembourg, ningekwenda kwa baiskeli!"

Nestor alikuwa amefumbua mdomo. Uso ulimpauka, kisha ukamwiva.

"Mimi... naapa sikumbuki, shemeji. Mimi naona kabisa 'mpaka kufa' kichwani mwangu, naiona kwa herufi kubwa."

"Samahani," alisema Daktari Roelandt kwa sauti ndogo, kwani miaka yake tisa ilikuwa inamwagika mbele ya macho yake. "Lakini hayo maneno mawili ya mwisho yamepigwa mstari. Tazama. Na idhini ya ofisa je?"

Ni kweli. Juu ya "msimu mmoja" ulipita mstari mwembamba wa penseli. Na chini yake, kwa mwandiko mwingine, mzuri, wa mtu aliyesomeshwa na masista, palikuwa na mstari mmoja zaidi. Toussaint alisogea, akaisafisha miwani kwa shati, akausoma kimoyomoyo. Kisha akausoma tena, sasa kwa sauti.

"'Hapana. Mpaka anioe. G.'"

Halafu kichwa kimoja kikageuka, na cha pili, na vyote, mpaka watu themanini wakawa wanamtazama Ghislaine. Ghislaine alikuwa anatafuta kitu cha lazima sana ndani ya mkoba wake.

"Ghislaine," aliita Toussaint.

"Eeh."

"Hii G ni wewe?"

"Kwani ni nani? Ni Gertrude? Gertrude alikuwa na homa wiki ile."

"Uliandika haya kabla ya kufunga bamba?"

"Nilifungua macho nikaona upuuzi wenu, nikasahihisha." Alifunga mkoba kwa nguvu, akainuka, naye alikuwa amekuwa mwekundu kama msichana. "Msimu mmoja ungekwisha Agosti! Nawe ulikuwa mzito wa maneno, Toussaint, mzito hujapata kuona. Unakunywa kahawa, unatazama sakafu, unakwenda. Sakafu yetu uliijua kuliko mimi. Kwa mwendo ule nilihesabu nitahitaji miaka miwili."

"Ikawa miaka miwili," alisema Toussaint.

"Basi."

Mwenye ya Venezuela alikuwa anapenga kamasi. Toussaint alisimama pale chini ya mwandiko wa mke wake, tabasamu linamjia, likafika nusu likakwama. Alikuwa ameanza kupiga hesabu.

"Ngoja kidogo. Tulioana Juni ya hamsini na tatu. Kwa hiyo hata kwa maandishi yako nilimaliza zamani! Miaka arobaini na mitano nimebeba bure! Kwenye theluji! Tupu! Kwa nini hukusema?"

Ghislaine alimtazama kwa upole.

"Jumamosi saa kumi mpaka saa moja, mume wangu, nyumba ilikuwa yangu peke yangu."

Sitasimulia kicheko kilichofuata, ila Léonie anasema alikisikia mkahawani kwake. Nestor alijaribu kuleta sheria, kwamba mtu wa tatu hana haki ya kubadili makubaliano ya wawili, na Ghislaine akamwambia akae chini kabla hajawaeleza watu kaka yake alikojoa kitandani mpaka umri gani. Nestor akakaa. Daktari Roelandt naye alikuwa amekwisha kupata nguvu mpya: alizunguka akiwaambia wote kuwa ya kwake ndiyo Arobaini na Tisa ya pekee yenye posa ndani, na hakuna Misri wala Argentina itakayomfikia. Mfuo wa skrubu zake ulikuwa wima.

Jumamosi iliyofuata, saa kumi, tulikuwa wote madirishani. Nestor alitoka amebeba tenga lake mwenyewe. Alikuwa na miaka sabini na miwili na hakuwa amezoea. Mbele ya nyumba ya Crahay alilitua mara tatu na kuhema kwa sauti, asionekane na mtu isipokuwa na mtaa mzima.

Ndani, Toussaint alikuwa jikoni kwake, mtu huru. Alikaa. Akainuka akafunua sufuria akauliza kwa nini vitunguu vingi. Akafungua droo ya vijiko akaona vimepangwa vibaya, akavipanga upya. Akahamisha chumvi. Akamweleza Ghislaine namna bora ya kumenya viazi, kuanzia juu kwenda chini, si kuzungusha. Akatia saa ya ukutani ufunguo ingawa ilitiwa jana. Akauliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi, na ilikuwa saa kumi na dakika ishirini.

Ghislaine aliweka kisu chini. Akajifuta mikono, akachukua kofia ya Toussaint msumarini, akamvika, akamweka sawa kola ya koti.

"Goti vipi leo?"

"Haliumi sana."

"Tenga lina mishikio miwili. Mkimbilie kaka yangu, ushike upande mmoja."

Toussaint alichungulia dirishani. Nestor alikuwa ameketi juu ya ukingo wa barabara, njiwa wanamlalamikia.

"Mpaka lini?" aliuliza.

"Nitakuandikia," alisema Ghislaine, akamfungulia mlango.